Nguvu Zako ni za Nani? Somo kwa Kijana Anayeanza Kunyanyua Vyuma

Soma kwanza: 1 Wakorintho 9:24-27, 1 Wakorintho 6:19-20, 1 Timotheo 4:7-8.



Rafiki kijana, leo tunaenda jimu. Najua wapo watakaosema, "Frateri, hapa si tunakuja kusoma mambo ya roho?" Ndiyo, na ndiyo maana tunaenda. Roho yako haitembei barabarani peke yake. Inapiga magoti kwa magoti haya haya, inambeba mgonjwa kwa mikono hii hii. Vijana wengi wa VIWAWA na TYCS wananiuliza kuhusu mazoezi: waanzeje, wanyanyue kilo ngapi, na je, si dhambi ya majivuno? Nitajibu yote, lakini naomba nianze na aibu yangu mwenyewe.

1. Usiku nilioshika tochi

Nilikuwa nimemaliza masomo ya falsafa, nikarudi likizo nyumbani Masasi. Wale niliocheza nao mpira utotoni nikawakuta wamekuwa watu wa miraba minne. Mimi nilikuwa mwembamba kama ufito. Mmoja akanitania mbele za watu: "Frateri, huko seminari mnakula vitabu tu?" Nilicheka pamoja nao, ila moyoni lilinichoma.

Kesho yake nikaenda jimu. Sikumuuliza mtu yeyote chochote. Yaani mimi msomi wa Aristotle nikaulize namna ya kushika chuma? Nilimwona kijana mmoja ananyanyua fimbo ya chuma kutoka chini, ina vyuma vizito pembeni kote kuwili. Alipomaliza, nikasogea pale pale. Nilipaswa kupunguza uzito. Sikupunguza, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Siku ya kwanza nikaponea chupuchupu. Siku ya tatu kiuno kikalia, nikahisi kama nimechomwa mwiba mrefu. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mzee wa miaka tisini.

Siku nne baadaye nilikuwa kwa bibi, kijijini upande wa Newala. Usiku akashikwa na homa kali, hawezi kusimama. Si unajua njia zetu za uwandani, mchanga mtupu, gari haliwezi kufika mlangoni. Ikabidi abebwe kwenye kitanda cha kamba hadi barabarani. Vijana watatu wakashika miguu mitatu ya kitanda. Wakanitazama mimi, mjukuu. Nikajaribu kuinama, nikashindwa hata kugusa kitanda.

Mguu wa nne ulibebwa na dada mmoja jirani. Hajawahi kukanyaga jimu. Yeye anachota maji tu. Kazi yangu usiku ule ilikuwa kushika tochi.

Bibi alitibiwa, akapona, Mungu asifiwe. Lakini ile njia sijaisahau. Nilikwenda kutafuta nguvu ili watu wanione, na siku nguvu zilipohitajika, nilikuwa nimezipoteza.

2. Nguvu ni jina la fadhila

Katekisimu inatufundisha fadhila nne kuu za kiutu. Kwa Kiswahili tunaziita busara, haki, nguvu na kiasi. Umeona? Fadhila ya tatu tunaiita *nguvu*. Bila shaka hapo hatuzungumzii ukubwa wa mkono. Tunazungumzia uthabiti wa moyo unaomfanya mtu ashike mema hata pakiwa pagumu. Hata hivyo lugha yetu haikukosea kuweka jina moja kwa mambo mawili, kwa sababu yanafanana katika namna yanavyokua.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, akifuata nyayo za Aristotle, anafundisha kwamba fadhila ni tabia iliyoota mizizi kwa kutenda mara nyingi. Hupati uvumilivu kwa kusoma kitabu cha uvumilivu. Unaupata kwa kuvumilia leo, na kesho tena. Na misuli ni hivyo hivyo. Hakuna aliyepata mgongo imara kwa kutazama video.

Kuna jambo jingine la Mtakatifu Thomas lililonishangaza nilipolisoma. Anauliza tendo kuu la fadhila ya nguvu ni lipi, kushambulia au kustahimili? Anajibu: kustahimili. Mwenye nguvu wa kweli ni yule anayebaki mahali pake wakati mzigo unamlemea. Kwa hiyo katika jimu usimtafute mwenye nguvu kwa kuangalia anayepiga kelele na kuangusha vyuma. Mtazame yule anayerudi kila Jumatatu, mwaka mzima, kimya kimya.

Mtakatifu Paulo naye aliyajua mazoezi. Karibu na mji wa Korintho palifanyika michezo ya Isthmia kila baada ya miaka miwili, na washindi walivikwa taji la majani. Ndiyo maana anapowaandikia Wakorintho anazungumza kuhusu mbio, ngumi na nidhamu ya mwili. Hoja yake ni hii: kama wanamichezo wanajinyima hivyo kwa ajili ya taji litakalokauka, sisi tunaotafuta lisilokauka tufanye nini? Na kwa Timotheo anaweka mizani sawa: mazoezi ya mwili yana faida yake, ila utauwa una faida kwa yote. Hakusema mazoezi hayana faida. Alisema yana mahali pake.

3. Kiasi: mlo wa Milo si mlo wako

Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, anapoeleza maana ya kiasi anatoa mfano wa kocha wa mazoezi. Anasema, tuseme sehemu kumi za chakula ni nyingi mno na sehemu mbili ni chache mno. Je, kocha ampe kila mtu sita? Hapana. Sita zitakuwa chache kwa Milo, yule mwanamieleka maarufu wa Kroton, na zitakuwa nyingi kwa mtu anayeanza leo. Kipimo sahihi kinategemea ni nani anayepimwa.

Nilifaulu mtihani wenye swali hilo. Kisha nikaenda jimu nikabeba mzigo wa Milo!

Watu wa kale walikuwa na hadithi kwamba Milo alibeba ndama mdogo kila siku, na kadiri ndama alivyokua, na nguvu za Milo zilikua, hadi akawa anabeba fahali. Iwe ilitokea au la, ndani yake mna kanuni ambayo makocha wote wanaifuata hadi leo: anza na mzigo mdogo, ongeza kidogo kidogo, mwili utaufuata mzigo.

Aliyenifundisha hili kwa vitendo alikuwa mzee mmoja kuli, aliyebeba magunia ya korosho kwenye maghala ya vyama vya msingi kwa misimu mingi. Mwili wake mwembamba tu, lakini gunia la kilo 80 analipandisha begani kama mto wa kulalia. Alipoona ninavyotembea akaniuliza, "Frateri, umebeba nini?" Nikamweleza. Akacheka kwanza, kisha akasema, "Baba, sisi hatubebi kwa mgongo. Mgongo ni wa kunyooka tu. Tunabeba kwa miguu. Na siku ya kwanza ya msimu hatugombanii magunia, maana msimu ni mrefu."

Msimu ni mrefu. Nimeyaandika maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu la mazoezi.

4. Namna ya kuanza

Sasa tuingie kwenye kazi. Kama una presha, ugonjwa wa moyo, ngiri, selimundu, jeraha la zamani au ujauzito, muone daktari kwanza. Huo si woga. Hiyo ni busara, fadhila ya kwanza katika zile nne.

*Siku.* Fanya mara mbili au tatu kwa wiki, na kati ya siku na siku uweke pumziko. Kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Dakika 40 hadi 60 zinatosha. Jumamosi una jumuiya na usafi wa nyumbani, Dominika una Misa.

*Kupasha mwili joto.* Dakika tano hadi kumi za kutembea haraka, kuzungusha mabega, kuchuchumaa bila mzigo. Usiingie baridi kwenye chuma.

*Miondoko mitano.* Jimu ina mashine nyingi, lakini mwanadamu ana kazi chache za msingi:

1. Kuchuchumaa na kuinuka. Miguu iachane kwa upana wa mabega, visigino vibaki chini, magoti yafuate uelekeo wa vidole.
2. Kusukuma. Pushapu zinatosha kuanzia. Kama huziwezi sakafuni, weka mikono kwenye benchi au ukutani.
3. Kuvuta. Inama kidogo huku mgongo umenyooka, vuta dambeli au dumu kuelekea mbavuni.
4. Kuinua kutoka chini. Mzigo uwe karibu na miguu, sukuma makalio nyuma, nyoosha mgongo, kisha simama kwa nguvu ya miguu. Hapa ndipo mimi nilipoumia, basi hapa uende polepole kuliko kote.
5. Kubeba na kutembea. Mzigo kila mkono, kifua wazi, tembea hatua 30.

*Idadi.* Wiki mbili za kwanza fanya raundi mbili za mara 10 kwa kila mwondoko. Baada ya hapo raundi tatu. Pumzika dakika moja au mbili kati ya raundi. Chagua uzito ambao ukimaliza unahisi ungeweza kuongeza mara mbili au tatu zaidi.

*Kuongeza.* Ukiweza mara 12 katika raundi zote bila kuharibu mtindo, ongeza kilo moja au mbili na nusu. Usiruke.

*Pumzi.* Toa pumzi unaposukuma au kuinua, vuta unaposhusha. Usiibane kifuani.

Na kama mfuko hauruhusu jimu? Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita 5 ni kilo 5, na unaweza kuongeza lita moja kila baada ya muda. Pale kwetu vijana wengi wameanza hivyo, au kwa kumwaga zege kwenye makopo ya rangi na kuyaunganisha kwa bomba. Misuli haisomi nembo.

Sasa sikiliza hesabu hii. Fimbo kubwa ya chuma ya jimu, ikiwa tupu, huwa na kilo 20. Ndoo ya maji ya lita 20 nayo ni kilo 20. Kwa miaka mingi mama na dada zetu wa uwanda wa Makonde, ambako maji yako mbali chini mabondeni, wamepanda miteremko na uzito huo kichwani. Kwa hiyo kijana, ukiambiwa uanze na fimbo tupu, usione aibu. Umeanza pale mama yako alipo kila asubuhi.

Na wewe dada, usiogope. Kunyanyua vyuma mara tatu kwa wiki hakutakugeuza baunsa. Kutakupa mifupa imara na mgongo usiolalamika. Vaa nguo ya staha inayokuruhusu kufanya kazi, nenda na mwenzako, na mtu akikusumbua ondoka, tafuta mahali pengine.

5. Chakula, usingizi na maumivu

Huhitaji makopo ya unga wa bei kubwa. Ugali wa muhogo unatupa nishati, lakini protini yake ni kidogo sana, na protini ndiyo matofali ya misuli. Basi ulie na kunde, mbaazi, choroko, dagaa, karanga, au mayai mfuko ukiruhusu. Yai moja lina gramu sita hivi za protini. Matunda yetu yapo, maembe hata mabibo. Ming'oko kula, ila isiwe peke yake. Kunywa maji. Lala saa saba hadi tisa, maana misuli hujengwa usingizini. Anayekesha kwenye simu hadi saa nane usiku kisha anashangaa hakui, ajiulize vizuri.

Kesho yake au keshokutwa utaumwa misuli. Ni kawaida, kutaisha ndani ya siku chache. Lakini maumivu makali ya ghafla kwenye kiungo au mgongo, maumivu ya kifua, kizunguzungu, au mkojo mweusi kama chai ya rangi, hayo si ya kuvumilia. Acha, nenda hospitali. Kustahimili ni fadhila, ubishi si fadhila.

Katika wiki za mwanzo utaona uzito unaongezeka lakini kioo hakionyeshi kitu. Usikate tamaa. Kwanza mishipa ya fahamu inajifunza kuitumia misuli uliyo nayo, umbo hufuata baadaye. Sala ni hivyo pia. Mabadiliko ya kwanza hayaonekani kwa watu.

6. Majaribu matatu

*Kioo.* Katekisimu (namba 2288 na 2289) inasema afya ni zawadi ya thamani tuliyokabidhiwa na Mungu, tuitunze kwa kiasi. Na papo hapo inaonya dhidi ya kuuabudu mwili, hadi kila kitu kitolewe sadaka kwa ajili yake. Jipime hivi: je, umeshakosa Misa kwa ajili ya jimu? Umeshaacha kumsaidia mama shambani ili usikose siku ya kifua? Basi ujue nani anaabudiwa hapo.

*Kujilinganisha.* Hili ndilo lililoniangusha. Mwenzako ana miaka mitano ya vyuma, wewe una siku tatu. Mtakatifu Benedikto aliagiza katika kanuni yake kwamba mkuu wa monasteri apange mambo ili wenye nguvu wawe na cha kutamani, na wadhaifu wasikimbie. Wabenediktini wa Ndanda, hapo chini ya uwanda wetu, wameishi kanuni hiyo tangu 1906, wakisali na kufanya kazi. Ukiwa mwenyeji jimu, mpokee mgeni kwa moyo huo. Usimcheke. Mfundishe.

*Njia ya mkato.* Watakuja watu na sindano na vidonge vya kujaza misuli. Kataa. Dawa hizo zinaweza kudhuru moyo na ini, na kwa mwanaume kusinyaza korodani na kuharibu uzazi. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Hekalu halijengwi kwa kuiba tofali za msingi.

7. Nguvu ni za kubeba

Mfahamu Pier Giorgio Frassati wa Torino, Italia. Alizaliwa 1901, akapenda kupanda milima na kuteleza kwenye theluji, kijana mchangamfu mwenye mwili wa mazoezi. Miguu ile ile iliyopanda milima ilipanda pia ngazi za nyumba za maskini, akiwapelekea chakula na dawa kupitia Chama cha Mtakatifu Visenti wa Paulo. Alikufa 1925 kwa polio, akiwa na miaka 24. Inaaminika aliupata ugonjwa huo kwa wagonjwa aliowahudumia. Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Hatumheshimu kwa sababu ya kifua chake. Tunamheshimu kwa waliobebwa na mikono yake.

Pale Newala kuna mahali panaitwa Shimo la Mungu, ukingo wa uwanda, ambapo ardhi inakatika ghafla na macho yanaona bonde lote kule chini. Mgongo ulipopona nilikwenda kusimama pale jioni moja. Mbele ya shimo kama lile, mkono wa sentimita arobaini na mkono wa ishirini na tano ni sawa tu. Nikamwomba Mungu nguvu tena, safari hii nikamwambia na za kazi gani.

Nilianza upya na fimbo tupu. Kilo 20. Mwezi wa kwanza walinicheka kidogo, kisha wakazoea. Sasa ninapokwenda kwa bibi, ndoo za maji ni kazi yangu. Juzi alinitazama nikiingia nazo mbili, akaniuliza, "Frateri, mgongo umepona?" Nikamjibu, "Umepona, bibi." Akasema, "Basi ongeza na ile ya jirani."

Nikaenda kwa yule dada, nikachukua ndoo yake.

Maswali ya kutafakari

1. Nikiwa mkweli mbele ya Mungu, nataka nguvu ili nani anione?
2. Ni mzigo wa nani hapa nyumbani au katika jumuiya yangu ambao ningeweza kuupunguza wiki hii?
3. Ni wapi, katika mwili au katika roho, ninajaribu kubeba mzigo wa Milo badala ya kuanza na ndama?

Azimio la wiki

Chagua siku tatu. Kila siku, kabla ya raundi ya kwanza, fanya ishara ya msalaba na umtaje kimoyomoyo mtu mmoja utakayemsaidia kwa nguvu hizo. Kabla Dominika haijafika, msaidie kweli.

Sala

Ee Yesu, fundi seremala wa Nazareti, mikono yako iliyajua mbao na misumari kabla ya msalaba. Nipe unyenyekevu wa kuanza kidogo, uvumilivu wa kurudi kesho, na moyo unaofurahi kubeba. Nisitafute nguvu za kuonwa, bali za kutumikia. Na siku nitakapokuwa dhaifu, nipe neema ya kukubali kubebwa. Amina.